Jina la Ruta si Lile Lililoandikwa Kwenye Boksi

Desemba 2002 kampuni ya Linksys iliingiza sokoni ruta ya rangi ya buluu na nyeusi, yenye antena mbili mgongoni, ikaiita WRT54G. Namba 54 ilitaja kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, na herufi G ilitaja kiwango cha Wi-Fi cha wakati ule. Mwaka uliofuata Cisco waliinunua Linksys, na mwaka huohuo msimbo chanzo wa ruta hiyo ukawekwa hadharani. Ndani yake mlikuwa na Linux, na leseni ya Linux humtaka anayegawa programu agawe na msimbo wake. Mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa kwenye ruta badala ya programu ya kiwandani, ambao hadi leo umebeba herufi tatu za jina la ruta ile.

Halafu, mwaka 2005, likatoka toleo la tano la WRT54G. Umbo lilelile, rangi ileile, antena zilezile, jina lilelile. Ndani, hifadhi ya flashi ilikuwa imepunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, RAM kutoka megabaiti 16 hadi 8, na Linux ilikuwa imeondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mfumo mwingine uitwao VxWorks. Mtu aliyetaka ile ruta iliyosifiwa na wataalamu alilazimika ama kupekua lebo iliyobandikwa chini ya kifaa, ama kununua ile iliyotolewa upya kwa jina la WRT54GL, yaani vifaa vya toleo la nne vikiuzwa kwa herufi moja ya ziada.

Kisa hicho kina miaka ishirini sasa, na bado hakuna kinachoeleza vizuri zaidi kazi ambayo watumiaji wengi wa intaneti hawajawahi kuisikia: kazi ya kuzipa ruta majina ndani ya programu huria. Ni kazi ya watu wanaobishana kwa siku kadhaa juu ya kistari kimoja. Nimeifuatilia kwa muda mrefu, na ninaamini ni miongoni mwa kazi za uaminifu mkubwa katika teknolojia yote tunayoitumia majumbani.

Tuanze na sababu. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayoshika vifaa vyenyewe: prosesa, kumbukumbu, redio ya Wi-Fi, matundu ya kebo, taa na vitufe. Kwenye kompyuta ya mezani kazi hiyo imerahisishwa, kwa kuwa vifaa vingi vinavyochomekwa, vya PCI au vya USB, hujitambulisha vyenyewe. Kerneli ikiuliza, kifaa hujibu kwa namba ya mtengenezaji na namba ya aina. Kwenye ruta, sehemu kubwa ya bodi haina wa kujibu. Taa ya intaneti imeunganishwa kwa njia ya shaba hadi kwenye pini fulani ya chipu, na pini haijui kama imeshika taa au kitufe. Mtengenezaji mmoja ameweka kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye pini hii, mwingine kwenye pini ile. Mmoja amehifadhi vipimo vya redio, vile vilivyopimwa kiwandani kwa kila kifaa peke yake, mwishoni mwa flashi. Mwingine ameviweka katikati. Kerneli haiwezi kubahatisha mambo hayo. Lazima iambiwe imewekwa juu ya bodi gani, na ndipo jina linapohitajika.

Zamani jina lilikuwa namba. Kwa prosesa za ARM palikuwa na daftari kuu, na kila bodi iliyokuja ilipewa namba yake. Programu ya kuwashia kifaa iliiweka namba hiyo kwenye kisanduku kidogo cha prosesa, kerneli ikaisoma, ikatafuta faili la msimbo lililoandikwa kwa ajili ya bodi hiyo peke yake. Kwa ruta za chipu za Atheros, ambazo ni za familia ya MIPS, OpenWrt walitumia njia nyingine: jina kama TL-WR841N-v8 lilichomekwa ndani ya kerneli yenyewe wakati wa kutengeneza faili la kusakinisha. Njia zote mbili zilifanya kazi bodi zilipokuwa chache. Zilipofika maelfu, kerneli ilijaa mafaili yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa namba za pini. Mwaka 2011 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alilalamika hadharani kwa ukali kuhusu fujo hiyo ya upande wa ARM. Waandika programu wa ARM wakageukia njia iliyokuwepo tayari: mti wa vifaa.

Wazo la mti wa vifaa lilitoka kwenye kompyuta za Sun, likaandikwa kuwa kiwango rasmi cha IEEE namba 1275 mwaka 1994, na likatumika pia kwenye kompyuta za Apple za PowerPC. Badala ya kuandika msimbo kwa kila bodi, unaandika maelezo ya bodi kwenye faili la maandishi: prosesa ni hii, RAM ni kiasi hiki, flashi imegawanywa hivi, taa ya kijani iko pini hii, anwani ya MAC imehifadhiwa mahali hapa. Faili hilo linageuzwa kuwa umbo ambalo kerneli hulisoma inapowaka. Juu kabisa ya mti huo kuna mstari wa ulinganifu, na ndani ya mstari huo ndimo jina la ruta lilimo.

Chukua ruta ya TP-Link iitwayo Archer C7, toleo la pili. Mstari wake una majina mawili, moja baada ya jingine: tplink,archer-c7-v2 na kisha qca,qca9558. La kwanza ni bodi yenyewe, la pili ni chipu kuu ya bodi. Mpangilio huenda kutoka kwenye jina mahususi kabisa hadi la jumla zaidi. Kerneli isiyoijua Archer C7 bado inaweza kuitambua chipu ya QCA9558 na kuiwasha. Kila jina lina sehemu mbili zilizotengwa kwa mkato: mtengenezaji kushoto, kifaa kulia. Herufi ni ndogo tupu, maneno huunganishwa kwa kistari cha kawaida, na kistari cha chini hakitakiwi. Pembeni kuna mstari mwingine wa jina ulioandikwa kwa ajili ya binadamu, TP-Link Archer C7 v2, wenye herufi kubwa na nafasi kama kawaida. Huo unaweza kurekebishwa siku yoyote, kwa sababu kazi yake ni kusomwa na mtu tu. Ule wa ulinganifu haubadilishwi.

Kutobadilika huko ndiko kunakowapa watu ukali wanapolijadili jina. Kanuni za kerneli zinauhesabu mti wa vifaa kuwa makubaliano ya kudumu: mti ulioandikwa leo unatakiwa uendelee kufanya kazi na kerneli itakayotoka miaka kumi ijayo, kwa kuwa kuna vifaa ambavyo mti wao umeshachomwa ndani na hakuna atakayevifungua tena. Jina likishaingia kwenye kerneli rasmi, limeingia. Ndiyo maana msimamizi wa msimbo anaweza kukirudisha kiraka, yaani badiliko la msimbo lililopendekezwa, chenye kazi nzuri kabisa kwa sababu tu ya jina, na aliyekileta akaona anaonewa. Haonewi. Kosa la msimbo litarekebishwa wiki ijayo, ila jina baya litabaki.

Upande wa kushoto wa mkato kuna historia nzima ya biashara ya chipu. Viambishi vya watengenezaji vimeorodheshwa kwenye faili moja la kerneli, na kila anayetaka kuleta mtengenezaji mpya lazima kwanza amwandikishe hapo. Kiwango cha zamani kilikubali kampuni itambulishwe kwa alama yake ya soko la hisa, kwa hiyo Broadcom wakawa brcm na Freescale wakawa fsl. Freescale walinunuliwa na NXP mwaka 2015. Mwaka 2016 Broadcom walinunuliwa na Avago, nao Avago wakalichukua jina la Broadcom huku hisa zao zikiendelea kuuzwa kwa alama ya AVGO. Alama BRCM haipo tena sokoni, lakini ndani ya Linux brcm iko hai, na itakuwepo ruta za chipu hizo zikishakuwa vyuma chakavu.

Kwa upande wa ruta za bei nafuu, kisa kinachonivutia zaidi ni cha Ralink. Kampuni hiyo ya Taiwan ilimezwa na MediaTek mwaka 2011. Chipu za MT7620 na MT7628, zilizoingia kwenye ruta nyingi mno za bei ya chini, ziliuzwa kwa jina la MediaTek, na herufi MT mwanzoni zinasema hivyo waziwazi. Fungua kerneli: zimeandikwa ralink,mt7620a-soc na ralink,mt7628a-soc. MT7621, ndugu yao mwenye nguvu zaidi, ameandikwa mediatek,mt7621-soc. Mtu anayeanza kazi hii hudhani kuna siri ya kiufundi katika tofauti hiyo. Hakuna. Kampuni ilibadilisha mwenyewe wakati majina yanaandikwa, na kilichoandikwa kikabaki.

Upande wa kulia wa mkato ndiko kwenye vita halisi, maana huko ndiko jina la boksi linakogongana na ukweli wa bodi.

Jina la boksi huandikwa ili liuze. Namba kubwa unazoziona, AC1750 au AC1900, ni kasi za kinadharia za redio zote zikijumlishwa pamoja: AC1750 ni 450 ya masafa ya gigahezi 2.4 na 1300 ya gigahezi 5. Hakuna simu wala kompyuta itakayopata 1750, na namba hiyo haisemi lolote kuhusu chipu iliyomo. Vivyo hivyo majina ya kishujaa. Netgear waliuza ruta kwa jina la Nighthawk X4S, lakini kwenye OpenWrt inaitwa netgear,r7800, kwa kufuata namba ya modeli iliyo kwenye lebo. Kampuni ya Kijerumani iliyojulikana kwa jina la AVM huandika FRITZ!Box kwa alama ya mshangao katikati; kwenye mti wa vifaa mshangao umefutwa, imebaki avm,fritzbox-4040.

Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani anajua kwamba jina lililobandikwa nyuma ya gari halimwambii injini, na kwamba fundi wa vipuri atamuuliza namba ya chesisi. Kwenye ruta, namba ya chesisi ni toleo la bodi, na watengenezaji hawalitangazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwetu Afrika Mashariki ni TL-WR841N ya TP-Link. Ruta hii imewekwa kwenye nyumba, maduka, hosteli na ofisi ndogo kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na mtu akisema ana ruta ya antena mbili nyeupe, mara nyingi ndiyo anayoisema. Toleo la nane lina chipu ya AR9341 na toleo la tisa lina QCA9533, zote za ukoo wa Atheros. Toleo la 13 limehamia MediaTek, chipu ya MT7628, likiwa na flashi ya megabaiti 8 na RAM ya megabaiti 64. Toleo la 14 limebaki MediaTek lakini limerudishwa kwenye flashi ya 4 na RAM ya 32. Tazama mwendo huo: lililokuja baadaye ni dogo kuliko lililotangulia. Jina kwenye boksi halikutikisika hata mara moja, na anayedhani toleo jipya zaidi ndilo bora amedanganyika.

Ndani ya OpenWrt, toleo la tisa linaitwa tplink,tl-wr841-v9 na la 13 linaitwa tplink,tl-wr841n-v13. Herufi n imepotea kwenye la kwanza, ikarudi kwenye la pili, na si uzembe wa kuandika. Ruta za zamani ziliuzwa kwa sura mbili, N yenye antena zisizotoka na ND yenye antena za kufungua. Bodi ilikuwa moja na programu ilikuwa moja, kwa hiyo walioandika waliliacha jina lisilofungamana na sura yoyote kati ya hizo. Uamuzi mdogo kama huo unatoka kwa mtu aliyezifungua zote mbili na kuzilinganisha.

Hata hivyo kuna mpaka ambao kanuni za kerneli hazikubali uvukwe: marufuku kuweka herufi ya kubahatisha ndani ya jina la ulinganifu, ile x inayomaanisha "yoyote kati ya hizi". Archer A7 na Archer C7 za toleo la tano ni mapacha, na ndani ya OpenWrt zinashiriki faili moja la maelezo ya pamoja ambalo jina lake lina archer-x7-v5. Lakini hilo ni jina la faili tu. Kwenye mstari wa ulinganifu kila moja inasimama peke yake, tplink,archer-a7-v5 na tplink,archer-c7-v5. Sababu ina mantiki nzito. Ukiandika x7 leo kwa kuwa A7 na C7 zinafanana, kesho mtengenezaji atatoa 7 nyingine yenye bodi tofauti, nayo itaangukia ndani ya x yako bila ruhusa. Ukiipa kila bodi jina lake, unaweza kuja kugundua baada ya miaka mitatu kwamba moja ina hitilafu ambayo nyingine haina, ukairekebisha hiyo moja bila kuigusa jirani yake. Kanuni za kerneli husema hivyohivyo kwa chipu: jina liwe mahususi, na kama kifaa kipya kinafanana na cha zamani, liandikwe jipya kwanza kisha la zamani lifuate kama tegemeo.

Namba za matoleo zina mtego mwingine. Ruta ya kwanza inapotoka, haina toleo. Hakuna anayejua kwamba itakuja ya pili. Xiaomi walitoa Mi Router 4A ya aina ya gigabiti, ikaingia OpenWrt kwa jina la xiaomi,mi-router-4a-gigabit. Baadaye likaja toleo jipya la ruta hiyohiyo lisilokubali faili la lile la kwanza, likaitwa xiaomi,mi-router-4a-gigabit-v2. Ya kwanza haikubandikwa v1, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshatumika kwenye ruta za watu. Basi ikabaki bila namba milele, na mtu mwenye toleo la pili akitafuta faili la kusakinisha hukutana kwanza na jina lisilo na namba, akaliona ni lake. Na kuna ndugu mwingine tena, Mi Router 4A ya megabiti 100, iliyopewa mwili uleule mweupe wenye antena nne, lakini ndani ina MT7628 badala ya MT7621, na hiyo nayo ina toleo la kimataifa linalojitegemea, mi-router-4a-100m-intl. Ruta nne, umbo moja. Tofauti ya kuweka faili sahihi na lisilo sahihi ni tofauti ya ruta inayofanya kazi na ruta iliyozimika kabisa, ambayo fundi atalazimika kuifungua na kuiandika upya flashi yake kwa nyaya.

Linksys nao walileta mkanganyiko wa aina yao. Ruta zao za Marvell zilizoanza kutangazwa mwaka 2014 ziliingia kwenye kerneli rasmi kwa majina ya siri ya kiwandani. WRT1900AC ya kwanza ni linksys,mamba. WRT1900AC toleo la pili, yenye chipu tofauti kabisa, ni linksys,cobra. WRT1200AC ni caiman, WRT1900ACS ni shelby, WRT3200ACM ni rango, na ndani ya OpenWrt WRT32X ni venom. Kwa mwandika programu majina hayo yana faida: ni mafupi, hayabadiliki, na yanatofautisha mamba na cobra hata pale boksi linaposema zote ni WRT1900AC. Kwa mwenye ruta ni fumbo, kwa sababu hakuna lebo inayosema rango. OpenWrt waliamua baadaye kwamba majina ya mafaili yafuate modeli inayosomeka kwenye lebo, na majina ya siri wakayabakiza ndani kwa ajili ya ulinganifu. Naunga mkono uamuzi huo. Jina la kerneli linawahudumia watu wachache wanaosoma msimbo, ilhali jina la faili linamhudumia mtu aliyekaa mbele ya ruta yake usiku akijaribu kuiokoa, na huyo ndiye anayestahili kurahisishiwa.

Jina linapotoka kwenye mti wa vifaa linasafiri njia ndefu. OpenWrt inapowaka, inachukua jina la kwanza la mstari wa ulinganifu na kulihifadhi kama jina la bodi. Hati zinazopanga matundu ya kebo huliuliza jina hilo: lipi ni la intaneti, yapi ni ya nyumbani. Zinazopanga taa huliuliza. Mkato unageuzwa kuwa kistari cha chini, na jina linakuwa sehemu ya faili la kusakinisha, kama tplink_archer-c7-v2. Ndani ya faili hilo mna orodha ya bodi zinazokubalika. Ukijaribu kusasisha ruta kwa faili lisiloitaja bodi yako, mfumo unakataa na kukuambia kifaa hiki hakimo. Upo uwezekano wa kulazimisha, na wengi walioua ruta zao waliutumia. Ulinzi wote huo umesimama juu ya neno moja lililoandikwa vizuri.

Mtihani mkubwa wa mfumo huu ulikuja pale OpenWrt ilipoachana na mpangilio wa zamani wa chipu za Atheros, ulioitwa ar71xx, na kuhamia mpya uitwao ath79 unaotumia mti wa vifaa. Toleo la 19.07 la OpenWrt, lililotoka Januari 2020, lilikuwa na mipangilio yote miwili. Toleo la 21.02 liliuondoa wa zamani. Ruta zilizokuwa zikijiita archer-c7 sasa zilitakiwa kujiita tplink,archer-c7-v2. Bila matayarisho, mfumo wa zamani ungelikataa faili jipya na kusema si la ruta hii. Suluhisho lilikuwa kuyaingiza majina ya zamani kwenye orodha ya bodi zinazokubalika, kifaa kimoja baada ya kingine, kwa mkono. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna mtumiaji aliyesasisha ruta yake siku hiyo na kufikiri kwamba kuna mtu alikaa akaandika jina la zamani la ruta hiyo ili asikwame.

Taa nazo zilipitia mabadiliko yao. Awali jina la taa lilibeba jina la kifaa mbele, kisha rangi, kisha kazi: tp-link:green:wps. Kerneli ilipoanza kutaka rangi na kazi ziandikwe kama sifa zinazojitegemea, sehemu ya kifaa ikaonekana haina maana, kwa kuwa ruta inajua tayari kwamba taa hizo ni zake. Ikabaki green:wps. Mipangilio ya watu iliyokuwa imeandika jina refu ingevunjika, kwa hiyo ikaandikwa hati ya kuyahamisha majina ya zamani kwenda mapya wakati wa kusasisha.

Na kuna hali ambapo jina ni sahihi, bodi ni ileile, lakini mpangilio wa ndani umebadilika mno kiasi kwamba mipangilio ya zamani haiwezi kubebwa. Ilitokea wakati matundu ya kebo yalipohamishiwa kwenye mfumo mpya wa kerneli wa kushughulikia swichi. Kubadili jina kungekuwa uongo, kwani kifaa hakikubadilika. OpenWrt wakaongeza namba ya ulinganifu pembeni ya jina: 1.0 kwa mpangilio wa zamani, 1.1 kwa mpya. Namba zisipolingana, mfumo unakutahadharisha uanze upya bila mipangilio yako ya awali. Kifaa kikaendelea kuitwa kwa jina lake.

Ninachokiona katika haya yote ni kwamba watu wasio na mshahara wa mtengenezaji wameifanya kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuifanya. Wanafungua ruta, wanasoma maandishi ya juu ya chipu, wanapiga picha bodi, wanaandika toleo, wanatenganisha kilichochanganywa na idara ya mauzo. Kubadilisha bodi si kosa. Chipu huadimika, bei hubadilika, kiwanda kinatafuta nafuu. Kosa ni kupunguza kumbukumbu kwa nusu na kuliacha jina kama lilivyo, huku taarifa pekee ikiwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kifaa, ndani ya boksi lililofungwa kwa plastiki. Mnunuzi anaambiwa amenunua kitu kilekile. Hakununua kilekile, na miaka miwili baadaye, programu ya kampuni itakapoacha kusasishwa na mianya ya usalama ikabaki wazi, ndipo atakapogundua kwamba ruta ya jirani yake yenye jina hilohilo inaweza kuwekewa OpenWrt na yake haina nafasi ya kutosha.

Mradi wenyewe ulionyesha mfano mwaka 2024 ulipotoa ruta yake, OpenWrt One, yenye chipu ya MT7981B na RAM ya gigabaiti 1. Jina la boksi ni OpenWrt One. Jina la kerneli ni openwrt,one.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujalipia ruta, mwombe muuzaji aifungue, uigeuze, usome modeli na toleo. Usiseme una TL-WR841N. Sema una TL-WR841N toleo la 13, na fundi atajua pa kuanzia. Usilazimishe kamwe faili ambalo mfumo umelikataa. Na kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na wenzao wa nchi jirani, ambao tayari huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa: watakeni waagizaji waandike toleo la bodi nje ya boksi, mahali panapoonekana, na wasiruhusiwe kuuza bodi iliyopunguzwa kwa kibali kilichotolewa kwa bodi nyingine.